Ya Nyuma Huzungushwa

Mtaa mzima ulimwita Mama Tochi, na wala halikuwa jina la kumkejeli. Mumewe, Fundi, alitengeneza magari kwenye banda la mabati ubavuni mwa nyumba yao, na kila alipojipenyeza chini ya gari, mkewe alichutama kando akammulikia. Mwanzoni watu walicheka. Wakauliza, yule fundi kaoa mke au kaoa taa? Mwenyewe akawajibu, "Taa huzimika, huyu hazimiki." Sasa jamani, ukichutama kando ya mtu miaka nenda miaka rudi, utake usitake utajua ni spana gani inafuata.

Ndiyo maana Jumamosi ile, binti yao alipoingia uani na kigari chake kidogo kinacholia nyuma kama paka aliyekanyagwa mkia, Mama Tochi alikuwa keshaweka betri mpya kwenye tochi.

Lakini halikuwa jambo la breki tu. Fundi alikuwa anapotea, kidogo kidogo. Yalianza majina ya wateja, ikafuata njia ya kurudi kutoka dukani, na juzi juzi akafungulia gesi jikoni, asiwashe moto, akaenda zake kulala. Jirani ndiye aliyesikia harufu. Na chumba cha nyuma alilala mama mzazi wa Mama Tochi, ajuza asiyeinuka kitandani, ambaye hata kumhamishia nyumba ya pili ni kumuua. Binti akasema bila kumung'unya maneno: "Mama, huwezi kuwauguza wawili. Baba nitamchukua akakae kwangu." Kwake ni mji mwingine, mbali.

Mama Tochi alikuja juu! Akasema mumewe hajapotea, ni uzee tu. Kichwa kinaweza kusahau lakini mikono yake haijasahau kitu. Wakavutana, wakavutana, mwisho wakakubaliana hivi: Baba atabadilisha breki za nyuma za gari la binti, mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Akiweza, anabaki na mkewe. Akishindwa, anaondoka na gari hilohilo, siku hiyohiyo. Begi la nguo zake lilikaa tayari nyuma ya mlango. Binti ndiye aliyelipanga, na Mama Tochi kila akipita alilipiga teke.

"Haya, Fundi," alisema. "Gari la binti yako linalia. Hebu lisikilize."

Fundi alilizunguka mara moja, akainama, akagusa gurudumu la nyuma kama mtu anayemshika mtoto paji la uso. "Pedi zimekwisha. Chuma kinakula chuma. Na diski nazo zimekwenda na maji."

Mama Tochi akamtupia binti jicho. Umesikia?

Na kwa kweli alianza vizuri, ungemwona ungeapa haumwi lolote. Aliyazuia magurudumu ya mbele kwa mawe. Akaishusha breki ya mkono, maana ikiwa imevutwa breki za nyuma haziachii. Akalegeza nati gurudumu likiwa bado chini, ndipo akapiga jeki, akaweka stendi, akalisukuma gari kwa bega ahakikishe halichezi. Gurudumu likatoka. Akafungua boliti za kalipa, ile koleo inayoibana diski, akaitundika kwa waya isije ikauvuta mpira wa mafuta. Diski ya zamani ilikuwa imeganda kwa kutu. Akaigonga kwa nyundo huku na huku, akiisemesha: "Toka, mzee mwenzangu, zamu yako imekwisha." Binti akacheka. Mama Tochi akacheka zaidi, tochi ikatikisika. Alikuwa hajacheka hivyo tangu siku ya gesi.

Diski mpya ikapanguswa mafuta yake ya dukani, ikapachikwa. Ikabaki pistoni, ile inayozisukuma pedi zibane diski.

Hapa lazima nieleze, maana ndipo palipo na kisa chote. Pedi mpya ni nene, kwa hiyo pistoni iliyokwisha kutokeza nje ya kalipa sharti irudishwe ndani. Ya mbele unaibana kwa klampu, kile kibanio cha kukaza, inasukumika, kwisha. Ya nyuma, kwa magari ya aina ile, ina uzi ndani kama skrubu, kwa sababu ya breki ya mkono. Ukiisukuma kwa nguvu umeiua. Yenyewe inazungushwa. Fundi alijichomelea chombo chake cha kazi hiyo, kipande cha chuma chenye meno mawili na mpini, na kila aliyejifunza kazi kwenye banda lile aliondoka na usemi mmoja: "Ya mbele husukumwa, ya nyuma huzungushwa."

Usemi huo alikuwa ameuingiza hata sebuleni. Wakigombana, na Mama Tochi hana dogo, Fundi aliwaambia wageni: "Mke wangu ni pistoni ya nyuma. Ukimsukuma utavunja kila kitu. Mzungushe taratibu, atakubali mwenyewe." Mama Tochi alimchapa na kitambaa cha jikoni, moyoni akiona fahari.

Basi Fundi akanyoosha mkono kwenye sanduku la vifaa. Mkono ukapita juu ya chombo cha meno mawili. Ukachukua klampu.

Labda anaisogeza tu, Mama Tochi aliwaza. Akamwona anaifunga juu ya pistoni. Anakaza. Pistoni haikwenda. Akakaza tena, mishipa ya shingo ikamsimama.

Mungu wangu, si hivyo. Mume wangu, si hivyo!

"Vipi, mbona kakwama?" binti akauliza.

"Bibi yako anaita," Mama Tochi akasema.

"Mimi sijasikia kitu."

"Utasikia nini na masikio yako ya mjini? Nenda ukamwone!"

Binti akaenda. Mama Tochi akaiweka tochi chini, akamshika mumewe mkono. "Niachie kidogo, umechoka." Naye akaachia mara moja, mpole kama mtoto, na upole huo ndio uliomkata maini. Fundi aliyemjua yeye angemfukuza bandani kwa kelele. Akailegeza klampu, akachukua meno mawili, akayapachika kwenye pistoni, akazungusha. Ikaingia laini. Fundi alikodoa macho kana kwamba anatazama mazingaombwe. Mama Tochi alilia huku akizungusha, akajifuta kwa bega, akaendelea. Gurudumu la pili likawa vilevile, safari hii binti akatumwa kumpashia bibi maji ya kuoga. Loo, mapenzi! Yanaweza kumfanya mtu mzima na heshima zake awe mwizi nyumbani kwake mwenyewe.

Pedi zikakaa mahali pake, magurudumu yakarudi. Fundi alikaza nati moja, kisha ya ng'ambo yake, kisha nyingine, kama inavyotakiwa. Akaketi kwenye kiti cha dereva akaikanyaga breki, akaikanyaga, mpaka pedali ikawa ngumu, kwani breki mpya usipoikanyaga kwanza itakusaliti ukiihitaji. Hilo hakulisahau. Mama Tochi akajiambia, si unaona? Si unaona bado yumo?

Binti akaliendesha gari hadi mwisho wa mtaa na kurudi. Halikulia hata kidogo. Akashuka macho yamemwiva.

"Mama, nisamehe. Umenishinda. Baba abaki."

Mama Tochi alimkumbatia. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi tamu, nami ningeenda zangu. Lakini binti, kwa wema wake mwenyewe, akaongeza: "Na wenzangu wa kazini nitawaambia walete magari yao kwake. Wana watoto wadogo, wanatafuta fundi wa kuaminika. Baba naye apate shughuli."

Watoto wadogo. Furaha yote ikamkauka. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kingekuwa cha watoto wa watu. Akamgeukia mumewe, kama alivyozoea kumgeukia kila mambo yakimzidi.

Fundi alikuwa anafuta mikono kwa tambara, akimtazama kwa heshima.

"Dada," alisema, "wewe ni fundi hasa. Nimekuona ulivyozizungusha zile pistoni. Nani kakufundisha?"

Mama Tochi akajibu: "Mume wangu."

"Basi anaijua kazi. Mimi nina mke nyumbani, mkaidi huyo, we acha tu! Ni pistoni ya nyuma. Humsukumi, unamzungusha." Akacheka, kicheko chake kilekile cha siku zote. "Na nimechelewa. Saa hizi ananingoja na tochi yake."

Binti akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ni kweli," Mama Tochi akamwambia. "Zote mbili nimezungusha mimi. Kalete begi."

Begi likaletwa. Lakini Fundi aliposikia habari ya safari akagoma. Aende wapi, na mkewe akirudi asimkute? Binti akamshika mkono amvute. Akajikaza, akaikumbatia nguzo ya banda. "Baba, tafadhali." Akazidi kuikumbatia.

"Usimsukume," Mama Tochi akasema.

Akamsogelea, akamweka sawa ukosi wa shati. Vidole vilikuwa na mafuta, vikaacha alama. "Fundi, mkeo kanituma. Ametangulia kwa binti yenu. Anasema umfuate, chakula kiko mezani."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Tochi anayo?"

"Anayo."

"Sasa si mngesema mapema!" Fundi akaiachia nguzo. Akaingia garini mwenyewe, akafunga mkanda, akalamba kiganja na kuzilaza nywele, kama kijana anayekwenda kwa mchumba wake. Binti alikuwa analia kwenye usukani. Gari lilipoanza kutembea Fundi akashusha kioo, akatoa kichwa.

"Dada! Msalimie mumeo."

"Zimefika," Mama Tochi akasema.

Alisimama getini akawatazama. Walipofika kwenye kona taa nyekundu za nyuma ziliwaka, na gari likasimama vizuri, bila mlio wowote. Kisha likakata kona. Kutoka chumba cha nyuma mama yake akaita, safari hii akiita kweli. Mama Tochi alipitia bandani kwanza. Tochi ilikuwa palepale chini alipoiacha, bado ikiwaka mchana kweupe, imeelekezwa pale alipokuwa amekaa Fundi. Akainama akaizima.