Mwana wa Bi Mwanarusi

Sefu alisuka ukili wa mikeka. Hapa Msambweni hiyo ni kazi ya wanawake, naye aliifanya mchana kweupe, amekaa nasi uani, leso kiunoni, akitucheka sisi ambao mikeka yetu ilikwenda upande. Tulimwita shoga yetu. Harusi ikija, bibi harusi hakukubali kupambwa na mwingine. Wanaume wa barazani hawakumhesabu mwenzao, wala yeye hakuwabembeleza. Mimi nilimpenda kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwaka 1956 mamake, Bi Mwanarusi, alifariki baada ya kuugua muda mrefu. Sefu ndiye aliyemlisha, akamfulia, akamgeuza ubavu. Wanawake tulimwosha marehemu na kumvisha sanda, Sefu akingoja nje ya chumba. Alikuwa na haja moja tu: kushuka kaburini amlaze mamake kwa mikono yake, kama afanyavyo mwana wa kiume.

Mjomba wake Chirau, kakake marehemu, akaja na wanaume kupokea jeneza.

"Sefu abaki ndani na wenziwe," alisema. "Kaburini tutashuka sisi."

Sefu aliinamisha kichwa tu.

Kwetu, maiti ya mwanamke hutolewa chumbani na wanawake, ndipo wanaume walipokee jeneza mlangoni. Basi Bi Mwanasha, mkubwa wetu, akajikalia zake kizingitini.

"Bwana Chirau, kwa heshima zako, hatulitoi mpaka mwanawe alishike. Ni mwenzetu, hatukatai. Lakini nani kati yenu aliyemnywesha mamake uji?"

Jua lilikuwa linapanda, na maiti hacheleweshwi. Chirau akamgeukia mpwawe.

"Shika mbele," alisema.

Makaburini sisi hatuendi. Mume wangu ndiye aliyenisimulia kwamba Sefu alishuka, akampokea mamake, akalegeza vifungo vya sanda, akamlaza kuelekea kibla. Chirau ndiye aliyempa mkono kupanda.

Waliporudi, wanaume waliketi mkekani nje. Chirau akasogea, akamwachia Sefu nafasi kando yake.

"Ahsante, mjomba," Sefu alisema. "Lakini nataka kulia, na huku hamlii."

Mzee alimtazama.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ulie kwa niaba yangu pia. Alikuwa dada yangu."