Kidole Gumba cha Pili

Binti yangu alizaliwa na vidole gumba viwili kwenye mkono wa kulia. Mkunga alimkagua, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, mtoto ni mzima. Ana kidole cha ziada tu, madaktari watakuja kukiangalia." Nikaupokea ule mkono mdogo, nikautazama kwa muda mrefu. Kilikuwa kidole kamili, kimebanana na mwenzake, na kina ukucha wake.

Kazi yangu ni kufundisha chuoni, kwenye maabara ya elimu ya viumbe. Wanafunzi wangu hutoboa kidirisha kwenye ganda la yai lililoatamiwa siku chache, wakaona moyo mwekundu unadunda kabla kuku hajawa kuku. Huwa nawaonyesha vinundu viwili pembeni mwa mwili, ambavyo baadaye vitakuwa mabawa. Kwa hiyo nilijua kilichotokea kwa mwanangu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kumbeba mtoto huyo mbele za watu ni kitu kingine.

Mama yangu mzazi alishafariki, na ndugu zangu wengi wako kusini, huko Masasi. Aliyenilea baada ya kujifungua ni mama mkwe. Alifunga duka lake la vitenge Kariakoo, akahamia kwetu Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na sufuria yake mwenyewe. Kila asubuhi alinipikia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, akasimama mlangoni mpaka niumalize.

"Kunywa, mwanangu. Sisi kwetu Kilimanjaro mzazi haachiwi njaa."

Alimwogesha mtoto, akamkanda, akanifulia nguo zangu zote bila kuniruhusu niguse sabuni. Ila kulikuwa na jambo moja. Wageni wakibisha hodi, alimvalisha mtoto soksi kwenye mkono wa kulia, katika joto lile la Dar. Nilidhani anamkinga na mbu. Kisha siku moja jirani mmoja aliona soksi, akauliza sababu, na mama mkwe akamwonyesha shingo upande. Jirani akauliza, "Kwenye ukoo wenu hiyo kitu ipo?"

"Kwetu haipo," mama mkwe akajibu haraka.

Kama kwao haipo, basi imetoka kwetu. Jioni nilimweleza mume wangu. Aliviangalia vidole gumba vyake, vizima vyote viwili, akasema, "Mama hana nia mbaya. Ongea naye. Wewe ndiye mwalimu."

Pale Kariakoo kuna muuza kuku ambaye huniuzia mayai ya maabara, mtu wa kusini kama mimi. Nilimpigia simu kumwomba aniletee kuku mmoja wa mapambo, wale weupe wenye manyoya laini kama pamba. Alikuja kesho yake, kuku kwapani, akaacha kelele za wasukuma mikokoteni chini barabarani.

"Shikamoo mama," alimsalimia mama mkwe.

"Marahaba. Huyo ni wa supu?"

"Hapana, mama," nikasema. "Nataka umwangalie miguu."

Muuza kuku akamgeuza. Kuku wa kawaida ana vidole vinne kila mguu. Huyu alikuwa na vitano, na cha tano kimeelekea juu. Mama mkwe akainama, akakigusa.

"Ameumia?"

"Ndivyo walivyo," muuza kuku akajibu. "Mama yake hivyo hivyo, na vifaranga vyake vingi vinatoka hivyo hivyo." Akaniachia kuku, akaahidi kumpitia akitoka msikitini.

Basi nikakaa chini na mama mkwe, mtoto kaning'ang'ania kifuani, nikamweleza. Nilimwambia kwamba mwili unapoanza kujijenga, mkono huanza kama kinundu kisicho na vidole. Kuna jeni inayokiambia kinundu upande upi uwe wa gumba na upande upi uwe wa kidole kidogo. Jeni hiyo ina swichi yake. Swichi ikikosea kidogo, ikawaka hata upande ambao haikupaswa, kinaota kidole cha ziada upande wa gumba. Kwa mtoto huyu hayo yalitokea mapema sana, pengine wakati mimi bado nashangaa kwa nini nachukia harufu ya vitunguu.

"Na kuku anahusikaje na mjukuu wangu?"

"Swichi ni ileile, mama. Kuku anayo, panya anayo, hata samaki anaitumia kutengeneza mapezi. Sote tuliirithi kwa viumbe wa kale sana, kabla hatujaachana njia. Nyoka naye alikuwa nayo, ikachakaa, ndiyo maana hana miguu."

Alimtazama kuku akidonoa punje za mchele sakafuni. Nilidhani nimemkwaza, kwa sababu ni mtu wa kanisani na sikujua habari za viumbe wa kale atazipokeaje. Kisha akauliza polepole, "Kwa hiyo si mkosi?"

"Si mkosi."

"Na mtu anaweza kukibeba ndani kisionekane, akampa mwanawe?"

"Inatokea. Huruka mtu mmoja, kikaonekana kwa anayefuata."

Hapo alinyoosha mkono wake wa kulia, akaugeuza. Chini ya kidole gumba, ubavuni, palikuwa na kovu dogo, gumu kama punje ya mahindi.

"Mama yangu alikifunga kwa uzi nikiwa mchanga, kikakauka kikaanguka," akasema. "Akanikataza nisimwambie mtu, nisije nikakosa wa kunioa. Hata baba mkwe wako alikufa hajui. Nilipomwona mtoto nilijua ni mimi. Nikaogopa utanichukia."

Nilimpa mtoto ampakate. Akamvua soksi, akaubusu ule mkono, na machozi yakamtoka taratibu bila sauti.

Daktari alishauri tusifunge uzi wowote, tusubiri mtoto akue kidogo. Alipofikisha mwaka na ushee, alifanyiwa upasuaji, na mama mkwe ndiye aliyekaa naye wodini zamu ndefu kuliko sisi wote. Leo binti yangu anashika kijiko na penseli vizuri, na anapenda kuchora kuku.

Siku ya kutolewa nyuzi za upasuaji ule, hospitalini, tulikaa kwenye benchi na mama mmoja kijana aliyemfunika mwanawe mkono kwa kanga. Mama mkwe alimwangalia, akasogea karibu naye.

"Mwanangu, ana kidole cha ziada?"

Yule mama akaitikia kwa kichwa bila kumtazama.

"Hata mimi nilizaliwa nacho," mama mkwe akamwambia, akamwonyesha kovu. "Na huyu mjukuu wangu amekirithi kwangu."

Alisema "kwangu" kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikamshukuru Mungu kwa mwanamke huyu aliyenilea kama mama yangu mwenyewe angenilea.