Gari la Silinda Sita

Yule mama muuza magari hafungui mlango wa gari kabla ya boneti. Mbele yake yamepangwa magari matatu, kwa sura ndugu wa tumbo moja: la kwanza lina injini ndogo, la pili injini hiyohiyo yenye turbo, la tatu silinda sita na viti vya ngozi. Mteja akikimbilia ngozi, humrudisha. "Viti utavizoea, kaka. Injini ndiyo utakayoishi nayo. Unabeba nani?" Wenye watoto wa shule huwapa la kwanza, wenye milima na mizigo la pili. La tatu huliwasha kila asubuhi, eti betri isilale, na kuweka kiganja juu ya boneti mpaka mngurumo umpande kiwikoni.

Leo bosi kaleta mteja, moja kwa moja hadi kwenye la tatu.

"Unabeba nani?"

"Niko peke yangu, dada."

Hata mama mwenyewe angejibu hivyohivyo. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Hili limeshapata mwenyewe."

Bosi akamkodolea macho. "Nani?"

"Mimi. Anza kunikata mshahara mwezi huu." Kisha akamgeukia mteja. "Haya kaka, njoo nikufungulie boneti ya la pili."