Bia ya Rasiberi na Kanzu ya Ijumaa

Kwanza mniahidi kwamba mkicheka mtacheka hapa hapa, msinibebee hadi sokoni, maana mji wetu ni mdogo na kisa hiki tayari kinanitangulia kila ninapokwenda. Aibu ya siku ile sikusingiziwa na mtu. Niliitafuta mwenyewe kwa mikono yangu miwili, na nasema mikono miwili kwa sababu ndiyo iliyoishika ile chupa na kuitikisa.

Mnajua nakaa kaunta kwenye ile hoteli ndogo ya pale ufukweni, mwaka wa tisa sasa. Na mnamjua mdogo wangu Perpetua, Pepe, aliyekuwa maabara kwenye kiwanda cha juisi Dar. Basi Pepe aliomba likizo bila malipo, akahamia Kiwangwa kwenye shamba alilotuachia marehemu baba, akaanza kutengeneza bia (vibali vyote anavyo, msianze). Alianza na ya mananasi, kwa kuwa Kiwangwa ukinyoosha mkono tu umeshika nanasi, lakini haikumridhisha, akahangaika weee mpaka akapata moja nyeusi, ya shayiri iliyokaangwa ikaiva hasa, akaitia rasiberi, yale matunda mekundu madogo ya kwenye baridi ya Lushoto ambayo rafiki yake humtumia kwenye boksi la barafu. Akaipenda. Akasema ndiyo hii.

Tatizo ni kwamba likizo yake ilikuwa inaisha Jumatatu. Hoteli yetu ikiichukua bia yake, anabaki Kiwangwa. Isipoichukua, anarudi maabara na mitambo inauzwa.

"Kaka, nimebakiwa na nyinyi tu," aliniambia kwenye simu, na Pepe si mtu wa kulialia.

Wa kuamua alikuwa Mama Koku, mwenye hoteli. Mama wa Kihaya huyu, amekulia kwenye nyumba inayotengeneza rubisi, ile pombe ya ndizi, na ulimi wake unaogopwa jikoni kwetu kuliko ukaguzi wa afya. Aliwahi kumrudishia mpishi mchuzi kwa sababu nazi ilikunwa jana yake. Akapanga kuionja bia Ijumaa saa tano asubuhi, kwa kuwa mchana alikuwa na safari ya Dar.

Ijumaa hiyo Pepe akaja mapema na kreti lake, akazipanga chupa kwenye friji moja moja, zimesimama, kama mtu anayelaza watoto, huku ananipa masharti. Zikae kwenye friji mpaka dakika ya mwisho. Zisisogezwe. Nikimimina, nimimine taratibu, na kile kilichotuama chini nikiache chini. Mimi naitikia sawa, sawa, sawa, huku nafuta glasi, maana miaka tisa ya kaunta mtu atanifundisha nini kuhusu bia? (Nikiri na hili: nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu kwamba bia ya mdogo wangu naijua, nimeinywa sana, wakati sikuwa nimeionja hata tone.) Pepe akaenda nyumbani kwa mama yetu kuoga na kubadili nguo.

Hapo ndipo akili yangu ikaanza kufanya kazi bila kutumwa. Nikakumbuka Mama Koku hanywi bia ya baridi, siku zote anaagiza ya moto, isiyopita kwenye friji, sasa kwa nini mdogo wangu aanze kwa kumuudhi mteja? Nikatoa tatu kwenye friji nikaziweka dirishani, juani. Baada ya nusu saa nikaenda kuziangalia, nikainua moja kwenye mwanga, nikaona chini kuna tabaka la ungaunga limetuama.  Mama Koku akiona vile si atasema imechacha? Na mimi nimekulia kwa mama anayeuza juisi ya mabungo, na juisi ya mabungo ikituama unafanyaje? Unaitikisa. Ukwaju unautikisa. Kibuku chenyewe hakinyweki bila kukitikisa. Sijawahi kuona kinywaji cha heshima kinachopewa mgeni kikiwa na vumbi chini. Nikazitikisa zote tatu, moja baada ya nyingine, tena kwa mapenzi, mpaka tabaka lote likapotea, nikajiambia, Deo, leo umemwokoa mdogo wako.

Saa tano Mama Koku akakaa meza ya katikati, chini ya pangaboi, na Pepe mbele yake, gauni jipya, mikono ameificha chini ya meza. Upande wa pili wa ukumbi alikuwepo Mzee Nassor, yule mwenye duka la vitambaa, amekuja kukodi ukumbi kwa walima, karamu ya harusi ya mwanawe. Alikuwa anamalizia kahawa ili awahi msikitini, ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka inakata. Nikapita na sinia langu. "Shikamoo mzee." "Marahaba, Deo, hujambo?" Sijambo kabisa, mzee.

Sasa, kwetu bia haifunguliwi kaunta. Mteja lazima ikafunguliwe mbele yake, aone mwenyewe kizibo kinatoka. Kwa hiyo nikasimama mbele ya Mama Koku, nikamwonyesha chupa, nikamwona Pepe anaitazama, anaona jasho la friji halipo, uso unambadilika, anafungua mdomo kusema kitu, na mimi nikafungua chupa.

Ilifoka. Sijui niwaelezeje. Povu lilipanda kama mtu ameliita kwa jina, likamwagikia kitambaa cha meza, na hapo ningeielekeza nje tu yangeisha, lakini mimi nikaziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba. Mnajua bomba la maji ukiliziba kwa kidole inakuwaje? Ndivyo ilivyokuwa, tena kwenda juu, moja kwa moja kwenye pangaboi, na pangaboi lilikuwa namba tano. Likaisambaza bia ya mdogo wangu ukumbi mzima, kwa haki, kila mtu na fungu lake.

"Hii ilikuwa na kasoro," nikasema, na kabla Pepe hajanishika mkono nikafungua ya pili.

Msiniulize kwa nini. Mpaka leo najiuliza.

Ukumbi ulipotulia, kilichosikika ni pangaboi tu na matone. Mama Koku alikuwa amefumba macho, nywele zimelowa. Nikageuka. Mzee Nassor alikuwa amesimama, mikono ameitandaza, anaitazama kanzu yake, na kanzu ile kuanzia begani mpaka chini ya kifua ilikuwa na madoa mekundu meusi, mengine bado yanatembea.

"La haula," akasema polepole. "Deo, hiki nini?"

Na hapa, jamani, ndipo penye aibu yenyewe. Ya pangaboi ilikuwa ajali. Hii haikuwa ajali. Nilimtazama machoni, mzee anayenijua toka niko darasa la pili, anayejiandaa kwenda sala ya Ijumaa, nikasema:

"Juisi, mzee. Juisi ya rasiberi."

Akashusha pumzi. "Alhamdulillah. Basi ni doa tu." Akachukua leso akaanza kujifuta, anaitafuta kofia yake, anajiandaa kwenda.

"Mzee Nassor, shikamoo." Ilikuwa sauti ya Pepe. Alikuwa ameinuka, povu linamchuruzika shingoni. "Si juisi. Ni bia, nimeitengeneza mimi. Naomba unisamehe sana, mzee wangu, ila usiende nayo msikitini."

Nilitamani sakafu inimeze na sinia langu. Mzee alimtazama Pepe, akanitazama mimi, akarudi kwa Pepe.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Ningesimama nayo safu ya mbele. Ahsante kwa kuniambia." Kisha kwangu, bila hata kupaza sauti, na afadhali angepaza: "Wewe utakwenda nyumbani kwangu kuniletea kanzu nyingine. Mbio."

Nikapanda baiskeli ya hoteli. Sasa pateni picha: Ijumaa, saa sita inakaribia, mji mzima uko njiani na kanzu zao safi na manukato yao, na mimi napita katikati yao shati limeganda, nanuka bia kutoka kichwani mpaka kwenye soksi. "Deo, mapema yote hii?" mmoja akaniuliza. Mwingine akavuta mwanawe pembeni. Nilisalimia kila mtu (nikikosa kusalimia si ndio ningethibitisha kwamba nimelewa?), na kadiri nilivyosalimia ndivyo walivyozidi kusimama na kunitazama.

Kwa Mzee Nassor akafungua mkewe, Bi Zuhura.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahab... Yarabi, Deo, umechinjwa?"

"Hapana, hii ni bia. Mzee anaomba kanzu nyingine."

Akanikagua juu mpaka chini. "Bia iko kwako. Kanzu ya mume wangu inaingiaje?"

Nilieleza. Nilianza na Lushoto, nikapitia mabungo, nikafika kwenye pangaboi, na nilipofika kwenye pangaboi yule mama akajishika kwenye fremu ya mlango, ushungi mdomoni, mabega yanatikisika, akaingia ndani akaniletea kanzu huku bado anacheka.

Niliporudi, Mzee Nassor alikuwa ameshaoga chumba namba mbili. Akavaa, akaniitikia kwa kichwa, akaondoka, na sala aliiwahi. Mimi nikaingia ukumbini kimya kimya nikijua yameisha, nitamkuta Pepe anafungasha. Badala yake nikawakuta wamehama meza, pangaboi limezimwa, na Mama Koku, kitambaa kimefungwa kichwani, ameshika glasi mbele ya dirisha.

Chupa za kwenye friji. Mimi nilikuwa nimezisahau, namshukuru Mungu kwa hilo, maana ningezikumbuka ningezitikisa nazo. Pepe alikuwa amefungua moja mwenyewe, ikasema *psii* ndogo ya adabu, akaimimina taratibu.

"Nilijilamba mdomo wakati ule iliponirukia," Mama Koku alikuwa anamwambia, "nikasema hapana, hii lazima niionje vizuri." Akanywa. Akakaa nayo mdomoni. Akameza, akaangalia ukuta kwa muda mrefu mpaka Pepe akaanza kujikwaruza kiganja. "Shayiri umeikaanga ukaishusha kabla haijaungua. Wengi hawawezi, wanaogopa au wanapitiliza. Na hili tunda halijaja kutia sukari, limekuja kufanya kazi." Akanywa tena. Halafu akaniona. "Mpe na huyu. Anamwaga asichokijua."

Ikabidi nikiri mbele yao kwamba sijawahi kuionja. Pepe akanimiminia.

Ndugu zangu, nimekaa kaunta miaka tisa na nilidhani bia ni bia. Ile kwenye glasi ilikuwa nyeusi kama kahawa, lakini ukiiinua kwenye mwanga pembeni inawaka wekundu wa zambarau iliyoiva, na povu lake zito, rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa, linashuka bila haraka. Harufu ya kwanza ni ya kashata inapoanza kushika chini ya sufuria. Ukiweka mdomoni unakutana na ule uchungu mtamu wa ukoko, unadhani umeshaijua, ndipo rasiberi inapofika kutoka nyuma, uchachu safi unaokuamsha mashavu, mabungo kidogo lakini laini zaidi, na unapomeza inaondoka yote, mdomo unabaki mkavu, msafi, unataka tena. Na ule uchachu nilipokuwa bado nautafuta kwenye ulimi nikasikia macho yananichoma. Mdogo wangu alikuwa ametengeneza kitu kile kwenye banda la Kiwangwa, na mimi niliogopa kwamba kina vumbi.

"Ni nzuri, Pepe," nikasema. 

"Najua, kaka," akasema.

Mama Koku akaichukua. Alisema bia peke yake ingetosha, lakini alishaamua kabla hajaionja kwenye glasi, pale mtu aliyekuwa hatarini kupoteza kila kitu aliposimama akamwambia mzee ukweli wakati uongo ulikuwa umeshapokelewa. "Mtu wa hivyo akiniambia ndani ya chupa kuna nini, nitamwamini," akasema, na hakunitazama, akanionea huruma. Jumatatu Pepe hakurudi maabara.

Kanzu niliifua mwenyewe mara tatu. Rangi haikutoka yote. Mzee Nassor bado anakuja kunywa kahawa, na kabla ya kukaa hutazama juu, kisha hunitazama mimi, kisha husogeza kiti. Na siku hizi mtu akiniuliza kilichomo kwenye glasi yoyote, hata maji, namwambia kilichomo, hata kama jibu linanitia aibu, maana ya siku ile imenitosha mpaka nazeeka.

Na kutikisa, natikisa dawa ya kikohozi tu. Chupa za Pepe sasa zina karatasi nzuri ya picha, na mstari wa mwisho kabisa umeandikwa: *Usitikise*. Wateja wa Dar huusoma kwa heshima, wakidhani ni siri ya kitaalamu. Wenyeji wakiusoma hugeuka wakanitazama.