Ukurasa wa Maombi Uliomeza Ushirika

Mwenyekiti wa ushirika wetu wa wakulima wa mahindi ni mwalimu mstaafu, na sijawahi kumwona akifungua kitu chochote bila maombi. Mkutano, ghala jipya, kreti ya soda, vyote huombewa. Kwa hivyo nilipoionyesha kamati tovuti niliyowaundia, aliitazama skrini kwa muda, akauliza, "Na hii inaanza aje bila neno la maombi?"

Nikamwambia tunaweza kuweka maombi kwenye ukurasa wa kwanza. Akatikisa kichwa.

"Mtu anaweza ingilia mlango ya nyuma. Mahali popote ataingilia, aombe kwanza. Halafu aendelee."

Kamati nzima ikasema amina. Nami nilikuwa nimeshawatangazia kwamba kwa kompyuta hakuna kisichowezekana, na mtu aliyetamka maneno hayo mbele ya wazee hana pa kukimbilia.

Nikarudi mjini Eldoret, kwenye kachumba kangu juu ya duka la mbolea, nikaandika. Mfumo niliotumia una orodha ya njia: anwani hii impeleke mtu ukurasa huu, ile impeleke ule. Huisoma orodha kutoka juu kwenda chini, na njia ya kwanza inayoikubali anwani ndiyo hushinda. Zilizo chini hata haziulizwi. Mimi nikaweka juu kabisa njia inayokubali anwani yoyote duniani na kumpeleka mtu kwenye maombi. Chini ya maombi nikaweka kitufe cha Amina, cha kumrudisha alikokuwa akienda. Na kwa kuwa nilichoka kusali kila nikirekebisha koma, nikajipa ruhusa: anayeingia kama msimamizi apite moja kwa moja. Msimamizi alikuwa mmoja, mimi. Nikaijaribu kwa kompyuta yangu, ikakimbia vizuri, nikajiona fundi.

Novemba ikaja na mvua yake, ile inayongoja mahindi yavunwe ndipo inyeshe. Ushirika ukaazima mashine ya kukausha mahindi kwa siku mbili tu, baada ya hapo iende kwa ushirika mwenzetu kule Plateau. Orodha ya zamu ikawekwa kwenye tovuti, na linki ikatumwa kwa simu ya kila mkulima. Mwenyekiti akaonya kwamba atakayeleta mahindi bila kujua zamu yake atarudishwa nayo. Mama yangu, anayelima Kiplombe, alikuwa na magunia kumi na manne chini ya turubai, mahindi mabichi bado. Huo ndio uliokuwa mwaka wake mzima.

Siku ya kwanza, saa nne asubuhi, katibu wa ushirika akanipigia. Ni mama mwenye duka la chakula cha ng'ombe, na hana muda wa salamu.

"Hakuna mtu amekuja. Mashine inaunguruma tu hapa. Angalia hiyo kitu yako."

Nikaangalia. Orodha ya zamu ilifunguka mara moja, safi, hata jina la mama nililiona: saa tano asubuhi, siku hiyo hiyo. Nikamwambia katibu kwamba tovuti haina shida, shida ni wakulima hawajui kubonyeza. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Wala sikufikiria kumpigia mama. Nilidhani yuko njiani na trekta la jirani.

Siku ya pili katibu akapiga tena, safari hii akiwa na maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi kuyajua. Nikaanza kutafuta. Nikafuta kumbukumbu za muda za seva. Nikaiwasha upya. Nikamlaumu mwenye seva, nikaulaumu mtandao, nikakagua linki herufi kwa herufi. Nikafungua daftari la makosa la mfumo nikitarajia kukuta vilio, na halikuwa na kosa hata moja. Kwa maoni ya seva kila mgeni alihudumiwa na akaondoka na furaha. Kulikuwa na wageni wengi ajabu, wote kwenye ukurasa mmoja.

Ndipo nikaifungua linki kwa simu yangu, ambayo haikunijua kama msimamizi. Maombi. Nikabonyeza Amina. Maombi. Nikabonyeza tena. Maombi, yale yale, ya kumshukuru Mungu kwa mavuno. Kitufe kilikuwa kinamrudisha mtu kwenye orodha ya zamu, na njia yangu ya juu ilikuwa inamdaka mlangoni na kumrudisha kusali. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimejiwekea sheria ya kutoliona.

Ushirika mzima ulikuwa umefungiwa kwenye ibada kwa siku mbili, na hakuna aliyelalamika. Kwetu huku nani atapiga simu kusema maombi yamezidi? Wengi walidhani kamati imetangaza maombi ya kuzuia mvua.

Nikaushusha mstari mmoja, ule wa maombi, kutoka juu hadi chini kabisa ya orodha. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Tangu hapo anayepotea njia tu, akaingia anwani isiyokuwepo, ndiye anayeombewa. Kisha nikampigia mama, nikamwambia asiulize kitu, nikakodi pikapu na kukimbia Kiplombe huku wingu likija kutoka upande wa Timboroa.

Tuliifikia mashine ikiwa imebakiza saa mbili kuondoka, na kwa kuwa foleni haikuwepo hakuna aliyetuuliza zamu. Mwendeshaji alifungua kila gunia, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akanusa. Tisa yalipita. Matano akayasukuma pembeni, harufu ya ukungu ilishasema. Mahindi ya namna hiyo hata kuku humpi. Tukayamwaga shimoni nyuma ya ghala, mimi na mama, gunia moja baada ya jingine, nikiwa na aibu ambayo sikujua niiweke wapi.

"Mama, mbona hukunipigia jana?"

Alikuwa anakung'uta gunia tupu ili alikunje.

"Nilibonyeza hiyo Amina mara kumi na moja. Nikatoka nje kwa mvua, nikafikiri ni network. Nikarudi nikaomba tena pole pole, nikifikiri pengine siombi vizuri."

"Lakini ungenipigia tu."

"Nikuambie nini? Ni wewe umeitengeneza," akasema. "Nilijua mwenye anakosea ni mimi."