Dagaa kwa Mama Hansa

Ningemkataa yule mtoto wa paka pale sokoni Kariakoo, leo nisingekuwa na haya ya kusimulia. Muuza dagaa alinibembeleza nimchukue, maana paka alikuwa ameachishwa kunyonya juzi tu na mama yake hamtaki tena. Nikamtia kwenye mfuko wa koti nikaenda naye nyumbani, Mchafukoge.

Nilipanga chumba kwa Mama Hansa, Mhindi asiyekula nyama wala samaki. Sharti lake lilikuwa moja: vitu hivyo visiingie nyumbani mwake. Nililitimiza miaka kumi na tisa.

Paka alikataa uji, akakataa maziwa, akalia mchana kutwa. Nikamviringisha kwenye sweta langu pamoja na chupa ya maji ya moto, akatulia kidogo. Alichokubali kula ni dagaa tu, nikawachemsha na kuwaponda kwa kijiko.

"Mzee Chilumba, harufu gani hii?" Mama Hansa akauliza.

"Bomba la maji machafu, mama. Limeziba."

Nilidhani yameisha. Kesho yake akaleta fundi, wakavunja sakafu ya korido. Nami, mtu mzima, nikasimama nikimwonyesha fundi pa kuchimba. Bomba lilikuwa safi kabisa. Ndipo paka akatoka chumbani kwangu, dagaa mdomoni.

"Mama," fundi akasema, "bomba lenyewe hili hapa, lina mkia."

Mama Hansa hakucheka. "Dagaa ningekusamehe, mzee. Lakini umeniacha nivunje nyumba yangu."

Mwezi ulipoisha nilihama. Nilipoteza chumba, na mtu aliyekuwa akiniamini.