Neno la Kila Mwanafunzi

Mimi nilikuwa mwalimu wa kushuku. Mwanafunzi akiandika vizuri, nilijiuliza nani amemwandikia. Akiandika vibaya, nilijiuliza amekopia kwa nani. Vita vilipofunga barabara ya Magara, ugonjwa huo ukanizidi. Wanafunzi wangu sita wa kule hawakuweza tena kufika shuleni kwangu mjini Rumonge, basi nikawafundisha kwa karatasi: mimi natuma somo la Kifaransa, wao wananirudishia insha. Aliyezibeba ni mama mmoja muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, ambaye askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, walikuwa wamemzoea. Binti yake alikuwa mmoja wa hao sita.

Kufundisha watu usiowaona nyuso, jamani, ni mateso! Mwezi wa kwanza tu, insha tatu zilikuja na shangazi yuleyule, anaumwa tumbo lilelile, anakufa Jumanne ileile. Nilichemka. Wananiona mjinga?

Nikabuni mtego. Kila mwanafunzi nilimwandikia kikaratasi chenye jina lake na neno moja ambalo lazima alitumie katika insha yake. Huyu nilimpa chumvi, yule taa, binti wa mama wa ndagala nikampa daraja. Kikaratasi kirudi kimebanwa kwa pini juu ya insha. Atakayekopia, nitamkuta na neno la mwenzake. Nilijisifu peke yangu jikoni, nikajiongezea chai.

Vikaratasi vilikwenda salama. Siku ya kurudi, bariyeri ilikuwa na askari wageni, wakapekua beseni la ndagala mpaka chini. Dereva wa lori akanijia mbio shuleni.

"Madamu, mama yako wa samaki wamemukamata. Wanasema anabeba majina na maneno ya siri."

Nilikimbia mpaka bariyeri. Mama alikuwa amekaa chini juani, bila viatu, mikono imefungwa nyuma. Mkubwa wa askari akaniinulia kikaratasi kimoja.

"Iko nini hii? Jina, halafu daraja. Daraja gani? Mulitaka kulifanya nini?"

Mungu wangu! Katika maneno yote ya dunia hii, wakati wa vita, mimi nikachagua daraja!

Nilimweleza habari za wanafunzi wanaokopia. Hakuamini, kwa kushuku alikuwa mwenzangu kabisa. Akasema Kifaransa anakijua, atalinganisha mwenyewe. Insha ya kwanza: chumvi, imo. Ya pili: taa, imo. Mimi niliyetamani sana kumnasa mtu, sasa nilikuwa naomba kimoyomoyo asinaswe hata mmoja. Tano zikapita. Ya sita ilikuwa ya binti. Aliisoma hadi mwisho, akairudia. Soko, mvua, chumvi. Daraja halikuwemo.

"Daraja liko wapi, mwalimu?"

Mama alinitazama. Nikisema ukweli, kwamba binti amekopia ya mwenzake wa chumvi, maswali yangefuata: wanakutana wapi, wanapeana nini kingine, waleteni wote wawili. Na walioitwa pale, si wote waliorudi kwao. Nilimchukia yule binti kwa uvivu wake, nikajichukia mimi zaidi.

"Kosa ni langu, shefu. Nilimbadilishia neno, nikasahau kubadilisha kikaratasi."

"Mwalimu gani anasahau hivyo?"

"Mwalimu mbaya."

Alinikazia macho, halafu akacheka kwa puani. Alivichana vikaratasi vyote sita, akanirudishia insha na kuamuru mama afunguliwe.

Tulitembea mpaka bariyeri ikafichwa na michikichi. Mama alikuwa akisugua mikono yake palipokaa kamba. Kusoma hakujua, ila kila kilichosemwa pale alikuwa amekisikia.

"Murakoze, asante sana, madamu. Umenitoa kwa kifo. Lakini huyu mutoto wangu amekopia, siyo?"

Nilitaka kukana. Nilishindwa.

"Amekopia, mama."

"Basi umupe zero yake. Mimi mwenyewe nitamupelekea."

Nikaiweka insha juu ya beseni, nikatoa kalamu nyekundu. Niliandika harakaharaka, zero ikabaki wazi kwa juu. Mama aliinama, akaichunguza, akanirudishia karatasi.

"Ifunge vizuri, madamu. Namujua mutoto wangu, ataigeuza sita."